Watu Wawili Wasio na Picha

Mjini nilizoeleka kwa jina la Mama Viza. Ninyi mnaokaa sasa kwenye viofisi vya ghorofani nyuma ya soko kuu, wenye mashine za kopi zinazotoa rangi, labda mmesikia nikitajwa. Nimestaafu. Macho hayataki tena maandishi madogo na mgongo umekikataa kiti. Lakini juzi binti mmoja kati yenu alinifuata nyumbani Kimandolu, akaniuliza: Mama, mtu akija anataka viza ya kumfuata mwenzi wake, nianze na nini? Nikamjibu harakaharaka, mambo ya vyeti na viapo. Alipokwisha kuondoka nikaona sijamjibu. Kwa hiyo haya ni majibu yake, na ninyi wengine msome.

Afisa anayefungua faili hajawahi kuwaona hao watu wawili, na pengine hatawaona kamwe. Ana karatasi tu mbele yake na swali moja: hawa ni mtu na mwenzake kweli, au wamepatana ili mmoja apande ndege? Kazi yenu ni kumsaidia ajibu swali hilo akiwa mbali, akiwa amechoka, akiwa na mafaili mengine yamejaa mezani.

Wakili niliyeanza naye kazi, Mungu amrehemu, alikuwa Mchaga mnene, mpole, mtu wa kutafuna karanga kutwa nzima. Nilipompelekea faili langu la kwanza nilikuwa nimechagua picha nzuri tupu: bibi harusi, bwana harusi, keki, maua. Akazitandaza mezani kama karata, akaziangalia, akaniuliza watu wako wapi. Sikumwelewa. Akasema anataka picha ambayo nyuma yake shangazi anatafuna nyama na mtoto wa mtu analia, maana picha ya wawili peke yao hata studio watakupigia, lakini shangazi akiwemo maana yake shangazi anajua. Akanifundisha pia kwamba ushahidi mzuri unachosha kuusoma. Ni meseji kama hizi: Umenunua gesi? Fundi amekuja? Nimemeza dawa. Watu wakikuletea meseji za mahaba peke yake, kuwa na wasiwasi.

Nimeona mengi. Walikuja vijana wawili na picha za Ziwa Duluti, za Moshi na za ufukweni Tanga, kila mahali nguo mpya, wakisema ni safari za miaka mitatu. Nikatazama vizuri, nikamwuliza kijana: hicho kidonda cha kidole hakiponi? Plasta ilikuwa ileile, imechakaa pembe ileile, kuanzia Duluti hadi Tanga. Binti akaficha uso kwa mtandio, tukacheka wote watatu, nikawarudisha kwao. Baadaye walioana kweli na wakabaki hapahapa Arusha. Mara ya mwisho niliwakuta wanagombana dukani kuhusu bei ya sufuria, nikasema moyoni, sasa hawa ningewaandikia faili.

Lakini niliyetaka kumsimulia yule binti ni Elifuraha.

Alikuja asubuhi moja ya masika, mwavuli wake akauacha nje mlangoni ili usinilowanishie zulia. Mwanamke wa makamo, kitenge kimepigwa pasi, kaketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekiazima. Akaniambia anataka viza ya kwenda kumtunza mgonjwa Ulaya. Nikamwuliza mgonjwa ni nani wake. Akasema ni bosi wake. Nikamweleza kwamba hiyo ni viza ya kazi, masharti yake ni magumu, na kwa umri wake nisingependa kumpa matumaini ya bure. Akashukuru, akainuka. Alifika mlangoni, akashika mwavuli, akasimama pale akiangalia mvua. Kisha akarudi, akakaa.

"Si bosi wangu," akasema.

Huyo mgonjwa alikuwa Bwana Balbir, Singasinga aliyezaliwa hapa mjini, fundi mwana wa fundi. Alikuwa na karakana ya kutengeneza pampu za maji na mashine za kukoboa kahawa. Mkewe alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Jasi, ambaye baadaye alipelekwa kwa baba yake mdogo ng'ambo kusoma, akakua huko, akapata kazi huko. Elifuraha alikuwa Mmeru wa Nkoaranga, mjane naye, hakujaliwa mtoto. Walikutana siku Balbir alipopanda kule mlimani kutengeneza mashine ya kahawa ya kijiji. Mashine ilipona, lakini fundi akaendelea kupata sababu za kwenda kuikagua.

Nawaambieni walivyoishi, maana faili lote lilisimama hapo. Balbir alijenga nyumba Olasiti, na Elifuraha akahamia. Kwa watu, alikuwa msimamizi wa nyumba. Jumamosi alipanda Nkoaranga kuangalia kahawa na migomba, Jumapili akasali kanisani kwao, jioni akateremka. Aliogopa mawili. Shamba lilikuwa la marehemu mumewe, na alilikalia kwa sababu ukoo ulimhesabu bado ni mke wa ndugu yao. Siku akijulikana ana mume mwingine, ndugu wangelichukua. Na kanisani angetengwa na meza ya Bwana. Balbir alikuwa na woga wake mmoja tu: Jasi asije akadhani baba amemsahau mama yake.

Basi kila Jasi alipokuja likizo, Elifuraha alifungasha nguo zake, akatandua upande wake wa kitanda, akaenda kwao mpaka mgeni aondoke. Walikaa hivyo tangu kabla Olasiti haijapata lami, nywele za wote wawili zikaota mvi humohumo.

Kisha moyo wa Balbir ukaanza kushindwa kazi. Alikuwa na pasipoti ya huko tangu ujana wake. Jasi akaja, akamchukua akatibiwe, ilisemekana ni kwa muda mfupi. Muda ukawa mrefu, madaktari wakamkataza kusafiri. Akampigia Elifuraha simu akamwambia, Furaha, njoo.

Nikamwuliza kuhusu picha. Akatikisa kichwa. Hawakuwa na hata moja ya pamoja. Balbir aliwahi kununua kamera nzuri, akapiga pampu, akapiga mlima, akapiga mbwa. Simu zao ndiyo kabisa. Kwenye simu ya Balbir, Elifuraha aliandikwa "Maziwa." Kwenye ya Elifuraha, Balbir alikuwa "Pampu." Na meseji walizoandikiana zilikuwa za biashara tupu. Maziwa yapo leo? Yapo, njoo mapema. Pampu inasumbua usiku, haipati pumzi. Alinifafanulia moja baada ya nyingine kwa sauti ya chini, akiona haya, nami nikiandika tafsiri na maelezo pembeni. Tulipofika kwenye hiyo ya pampu kukosa pumzi, nikafunga kalamu tukanywa chai.

Nilikumbuka maneno ya wakili wangu kuhusu ushahidi wa kuchosha, nikauanza upya. Umeme wa nyumba ya Olasiti ulinunuliwa kwa simu ya Elifuraha mwaka baada ya mwaka. Dawa za moyo zilichukuliwa kwa jina lake. Cheti cha kliniki ya mzee kilikuwa na namba yake. Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa majirani. Elifuraha alitembea nyuma yangu akiwa ameinamisha kichwa, maana ilibidi aseme mbele ya watu jambo alilolificha nusu ya maisha yake. Mama mmoja mwenye genge jirani na nyumba yao alimsikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono, akamwambia, "Mama Furaha, sisi tulijua. Teksi ya yule kijana ikikata kona pale, nani alikuwa anakupigia simu ukimbie?"

Elifuraha alikuwa anadhani ni mtoto wa dukani. Kumbe mtaa mzima ulikuwa unamlinda, na hakuna aliyewahi kumwambia kitu, kwa heshima.

Kikabaki cheti cha kifo cha mumewe wa kwanza, bila hicho usingeweza kuthibitisha kwamba yuko huru kuolewa. Kilikuwa kwa shemeji yake Nkoaranga, kaka mkubwa wa marehemu. Aliniomba nifuatane naye. Tuliacha gari karibu na hospitali tukapanda kwa miguu, njia ina utelezi, mimi napumua kama mbuzi mgonjwa. Mzee alikuwa anaanika kahawa. Tukamwamkia shikamoo, akatuletea viti, akamsikiliza shemeji yake bila kumkatisha.

Alipomaliza, mzee aligeuza kahawa yake kwa mkono. Akasema kwamba wao pia walijua, na kwamba walinyamaza kwa sababu naye Elifuraha alinyamaza. Aliheshimu jina la ndugu yao nao wakamheshimu. Sasa amekuja kulisema mbele ya mgeni na litaandikwa kwenye karatasi za serikali, yeye mzee hawezi kufanya kama hajasikia.

"Cheti nitakupa," akasema. "Lakini shamba litarudi kwa watoto wa hapa. Unaelewa, shemeji?"

Elifuraha alisema anaelewa. Mzee akaingia ndani akaleta cheti, kimefungwa kwenye nailoni, akampa kwa mikono miwili. Wakati wa kushuka, Elifuraha alisimama kwenye mpaka wa shamba, akachuma matunda kidogo ya kahawa yaliyoiva, akayashika tu mkononi hadi tukafika kwenye gari. Sikumwuliza. Siku hiyo nilijua faili hili lazima lipite.

Nikampigia Balbir mwenyewe. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha Arusha kabisa, na utani mwingi. Nikamwuliza: Jasi umemwambia? Akasema atamwambia. Nikampigia tena wiki iliyofuata, akasema anasubiri kijana atulie na kazi. Nilielewa baadaye kwamba alitaka viza itoke kwanza, Furaha atokee mlangoni, na mlango umsemee. Kuna wanaume wanaoweza kufungua injini nzima gizani lakini hawawezi kufungua mdomo mbele ya mtoto wao.

Tukapeleka maombi. Faili lilikuwa zuri, wanangu, nasema bila kujisifu. Tukangoja.

Kwa kuwa Balbir aliishi kwa mwanawe, siku moja maafisa wa viza wakapiga simu pale nyumbani kuhakiki. Mzee alikuwa amelala. Simu ikapokewa na Jasi. Akaulizwa kama anamfahamu mwanamke anayeitwa Elifuraha. Jasi akasema anamfahamu sana, ni mfanyakazi wao wa nyumbani kule Arusha, mtu mwaminifu mno, amemtunza baba yake miaka mingi, wanamshukuru sana. Alisema aliyoyajua, na aliyasema kwa moyo mwema.

Barua ya kukataliwa ilikuja kwa lugha ya adabu. Elifuraha alikaa ukingoni mwa kiti kilekile akaniomba nimsomee. Kuna sehemu nilitaka kuiruka, lakini mfasiri haruki. Nikamsomea kwamba wao wanaona uhusiano wake na Bwana Balbir ni wa mwajiri na mwajiriwa.

Akasema, "Mbona mshahara sijawahi kupokea."

Hakulia. Aliikunja barua ikawa ndogo kabisa, akaiweka kwenye mkoba, akaniuliza kama mvua imekatika.

Hapa ndipo jibu la yule binti lilipo. Kabla hujagusa cheti, kabla hujaomba picha, mwulize mtu aliyekaa mbele yako: kwenu ni nani hajui? Mwambie akamwambie huyo kwanza, halafu arudi. Mimi nilimwuliza Balbir, akanipa kesho, na kesho yake sikuwa na uwezo wa kuilazimisha. Hilo bado linaniuma, hata kama halikuwa mikononi mwangu.

Jioni ya siku ileile ya barua, Jasi alinipigia simu. Alinisalimu shikamoo mama, vizuri kama mtoto wa hapa. Baba yake alikuwa amepata habari za barua, akamweleza kila kitu. Akaniambia kwamba kila alipokuja likizo, yule mama alikuwa anaondoka siku ileile, na yeye alidhani baba anampa ruhusa akapumzike kwao, hata mara moja alimpa zawadi ya kitambaa akamwambia likizo njema.

"Kwa hiyo nilikuwa namfukuza," akasema.

Nikamwambia hakumfukuza, hakujua. Lakini najua maneno hayo hayakumsaidia kitu.

Tukaanza kuandaa maombi mapya, safari hii Jasi akiwa shahidi wa kwanza. Aliandika maelezo mazuri. Hayakutumika. Hali ya mzee ilishuka ghafla, madaktari wakasema wamefika mwisho wa uwezo wao, na safari ambayo walikuwa wanamkataza haikuwa tena na la kuharibu. Balbir mwenyewe akasema kama Furaha amezuiwa kwenda kwake, yeye hajazuiwa kuja kwa Furaha.

Nilikwenda na Elifuraha kuwapokea uwanja wa ndege. Abiria wakatoka, wakatoka, mwishowe akaonekana Jasi akisukuma kiti cha magurudumu, na mzee ndani yake, kilemba kimefungwa vizuri lakini uso umebaki mfupa. Elifuraha alirudi nyuma ya nguzo. Mazoea yale ya miaka, mwili ulijificha wenyewe. Nikamgusa bega, akakataa kusogea. Jasi aliangaza huku na huku mpaka akamwona, akasukuma kiti moja kwa moja hadi pale kwenye nguzo, akaachia mipini, akamwambia, "Mama, msukume wewe."

Waliishi Olasiti majuma machache. Nilikuwa nawatembelea baada ya kazi. Elifuraha alitoa viti barazani, vile ambavyo zamani vilikaa uani, wakawa wanaketi pale jioni, wamefunikwa blanketi moja, lango wazi. Kila aliyepita Balbir alimsimamisha akamtambulisha: huyu ni mke wangu. Na watu wa Olasiti, Mungu awabariki, wale waliokuwa wanajua tangu zamani, walishangaa kila mmoja kwa zamu yake, wakampongeza, wakasema hongera mzee, mbona ulituficha. Mama wa genge alishangaa mara mbili. Balbir alifurahi kama mtoto. Jasi alikuwa anakaa ngazini na simu yake, anawapiga picha, mpaka baba yake akamwambia atosheke.

Alifariki alfajiri, akiwa nyumbani, Elifuraha akiwa pembeni yake upande wake wa kitanda.

Jamaa zake wakafanya desturi zao zote, na mwili ukachomwa mchana wa siku iliyofuata. Nilikuwepo. Kulikuwa na wazee wa hekaluni waliokuwa hawamjui Elifuraha, wakaulizana kwa lugha yao. Jasi aliwajibu kwa maneno machache, na sikuelewa lugha, lakini nikaona wazee wawili wamesogea, wakampisha nafasi mbele.

Jioni tulirudi Olasiti kwenye msiba. Kumejaa watu, Wameru wameteremka na ndizi, hata yule shemeji yake mzee alikuwepo, ameketi na fimbo yake katikati ya magoti. Elifuraha aliingia, akaona wageni hawana chai, akaenda moja kwa moja jikoni. Nilimfuata. Nikamkuta ameshapanga vikombe kwenye sinia. Akaniambia pale jikoni, bila kugeuka, kwamba kuna jambo lililomnyima usingizi miaka yote, na halikuwa shamba wala kanisa. Ni kwamba mzee angekufa, watu wangekuja kumlilia, na yeye angekuwa anawagawia chai, na hakuna ambaye angempa pole.

Akainua sinia. Akatoka nalo hadi sebuleni. Mama wa genge akanyanyuka kwenye mkeka, akaja akalipokea, akampa msichana mwingine.

"Kaa chini, mama," akamwambia. "Wewe ndiye mfiwa."

Wanawake wakasogea, wakamwachia nafasi ukutani. Elifuraha akakaa, akanyoosha miguu, mmoja wao akamfunika kanga mabegani. Shemeji yake akawa wa kwanza kuinuka, akatembea taratibu na fimbo yake hadi mkekani, akainama, akampa mkono, akasema, "Pole, shemeji. Pole kwa kufiwa na mumeo." Nyuma yake watu wakapanga foleni hadi nje. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.